Doa la pinki kwenye simu mpya: nirudishe au nizoee?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi nafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Jumamosi nimenunua simu mpya ya AMOLED hapa mjini Mwanza, imefungwa kwenye boksi lake. Dukani kioo kilinivutia kweli. Usiku wa kwanza nikaanza kuona mambo. Nikishusha mwangaza, WhatsApp yenye mandhari meusi inakuwa na ukijani, na kona ya chini kushoto kuna kama doa la pinki. Karibu na juu kuna kinukta kinachowaka muda wote. Nyeupe yake ni ya njano ukilinganisha na simu ya dada yangu, na nikiinamisha inageuka bluu. Muuzaji anasema simu za kisasa ndivyo zilivyo, nitazoea. Mume wangu anasema natafuta kasoro. Niirudishe au nizoee?

Jibu: Dada, irudishe. Ila irudishe kwa sababu moja, hilo doa. Ukifika dukani na malalamiko matano, muuzaji atakushika kwenye yale ambayo ana haki nayo, atacheka kidogo, na la msingi litapotelea humo humo. Kwa hiyo tuyachambue kwanza.

Njano na bluu tuzimalize haraka. Nyeupe ambayo watengenezaji huilenga wanapotaka rangi sahihi ni ile ya kelvini 6500, kelvini kikiwa kipimo cha rangi ya mwanga. Iweke kando ya simu iliyopangwa kwenye rangi kali, ambayo nyeupe yake imesogezwa kuelekea bluu ili ivutie macho, na hiyo sahihi ndiyo itakayoonekana ya njano. Ingia Mipangilio, sehemu ya skrini. Hakikisha Mwanga wa Usiku, au kinga yoyote ya macho, umezimwa. Kwenye simu nyingine hujiwasha wenyewe jua likizama, na wewe kasoro zako unaziona usiku. Kisha badili aina ya rangi kutoka asilia kwenda angavu. Kama njano imeenea sawasawa kioo kizima na inapungua ukigusa mipangilio, huna kesi. Ingekuwa nusu ya juu nyeupe na nusu ya chini njano, hapo ningesema mengine.

Hilo la kugeuka bluu ukiinamisha simu ni tabia ya kioo chenyewe. Mwanga wa OLED, familia ya vioo ambamo AMOLED yako imo, hutoka kupitia matabaka membamba mno, yaliyopimwa kwa ajili ya mtu anayetazama moja kwa moja. Ukitazama kwa upande, njia ya mwanga inabadilika na rangi inasogea. Kwenye simu za bei kubwa utaliona kidogo, kwenye za bei ya kati utaliona zaidi. Hapo muuzaji wako kasema kweli.

Sasa ukijani na doa. Haya ni ndugu, lakini hawafanani hatima.

Kioo cha LCD kina taa nyuma yake inayowaka muda wote, na mbele kuna fuwele za kimiminika zinazoziba au kupitisha mwanga. Ndiyo maana nyeusi ya LCD ukiitazama gizani ni kijivu kinachong'aa. AMOLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli, yaani kila kinukta kinachounda picha, inajiwakia yenyewe. Wewe wa Mwaloni utanielewa upesi: ni ziwa usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wametawanyika, kila mtumbwi na taa yake. Taa ikizimwa, pale pana giza kweli. Sasa waambie wote wapunguze taa mpaka zibaki kwenye pumzi ya mwisho, uone kama kuna mbili zitakazolingana.

Kioo cha 1080 kwa 2400, ambacho kipo kwenye simu nyingi za bei ya kati, kina pikseli 2,592,000. Katika mpangilio uliozoeleka wa AMOLED, kila pikseli ina chanzo chake cha kijani, lakini nyekundu na bluu zinagawana, 1,296,000 kila rangi. Kila chanzo kinaendeshwa na transista zake, vijiswichi vidogo vya umeme, na transista hizo hazitoki kiwandani zikiwa pacha. Mwangaza ukiwa juu, umeme unaopita ni mwingi kiasi kwamba tofauti hiyo haina uzito. Ukiushusha mpaka chini, tofauti ile ile ndogo inakuwa sehemu kubwa ya umeme wote uliobaki, na jicho linaiona. Kijani ndicho kinachotoa mwanga mwingi kwa umeme mdogo kuliko wenzake, kwa hiyo huko chini ndicho kigumu kukidhibiti. Hapo ndipo ukijani wako unapotoka. Kiwanda hupima kioo na kuweka masahihisho ndani ya simu, lakini masahihisho hayo huchoka yakifika kwenye kijivu kizito kabisa.

Kwa hiyo ukijani ulioenea kioo kizima, unaoonekana mwangaza ukiwa chini tu, ni wa kuvumilia, na mara nyingine unatibika. Jaribu jambo moja: kama simu yako ina 120Hz, yaani kioo kinajichora upya mara 120 kwa sekunde, iweke 60Hz utazame, kisha irudishe 120Hz utazame tena. Kila kasi huwa na masahihisho yake ya rangi, na zipo simu ambazo ukijani huja na kuondoka zinapohama kasi. Ukiona hivyo, sasisha programu ya simu kabla ya kitu kingine. Apple wenyewe, kwenye iOS 14.5, programu endeshi ya iPhone ya mwaka 2021, waliweka marekebisho ya kupunguza mng'ao hafifu uliokuwa ukionekana kwenye iPhone 12 mwangaza ukiwa chini na mandhari yakiwa meusi. Kwa hiyo si simu za bei nafuu peke yake zinazougua, na anayekuambia simu yako ni feki kwa sababu ya ukijani hajui anachosema.

Doa ni habari nyingine. Lina mahali, lina mpaka, lina rangi tofauti na jirani zake. Maana yake eneo lile la kioo halifanani na mengine, na sasisho halijui kona ya chini kushoto ya simu yako wewe. Tena rangi yenyewe inasema kitu: pinki ndicho kinachobaki kijani kikipungua kati ya rangi tatu. Kwingine kijani kimezidi, pale kimepungua.

Lakini usinisadiki kwa maneno. Lipime, na ulipime vizuri, maana WhatsApp si kipimo; ina maandishi, ina picha, ina vivuli vyake. Tafuta mtandaoni picha tupu ya kijivu kizito, rangi yenye namba #1A1A1A au #101010, uipakue na kuifungua ijae kioo chote. Futa kioo kwa kitambaa cha miwani. Bandua ile plastiki ya kiwandani kama bado ipo, kwa sababu gundi yake ikishika hapa na kuachia pale inatengeneza mawingu ambayo watu wanayadhania ni ya kioo. Zima mwangaza wa kujirekebisha. Kisha kaa gizani dakika 10 hivi kabla ya kutazama. Jicho lililotoka kwenye taa halioni kitu.

Weka mwangaza wa chini unaoutumia siku zote. Si wa chini kabisa kama hujawahi kuutumia, wa siku zote. Shika simu umbali wako wa kawaida. Ukiliona doa, geuza picha ile juu chini kwa kutumia sehemu ya kuhariri, kisha itazame tena. Doa likihamia kona nyingine, tatizo ni picha. Likibaki chini kushoto, ni kioo. Halafu piga skrini na umtumie dada yako picha hiyo. Picha ya skrini hubeba kile ambacho programu ilichora, haibebi kile ambacho kioo kilifanya; kwa hiyo dada yako akiona doa kwenye simu yake, tatizo ni la programu, na asipoliona, umepata ushahidi wako.

Mwisho, pandisha mwangaza polepole huku unalitazama. Mimi ndipo ninapoamulia. Doa linalopotea ukivuka asilimia 10 karibu kila AMOLED inalo la namna yake, na nikiambiwa nitafute kwenye simu yangu nitalipata. Linalobaki mpaka asilimia 30 na zaidi ni kasoro bila mjadala. Katikati ya hapo inategemea kazi ya mtu. Mwenye duka anayeshika simu mchana tu ningemwambia asahau. Wewe uko Mwaloni alfajiri, giza bado, mwangaza umeushusha usikuumize macho, na kona hiyo ya chini kushoto ndipo kidole gumba na herufi za kuandika zilipo. Utaliona kila siku mpaka uichukie simu. Huyo anayesema utazoea hataitumia yeye saa 11 alfajiri.

Kwa kuwa tumegusa mwangaza wa chini: kama macho au kichwa vinauma ukisoma gizani, huenda si doa wala ukijani. AMOLED nyingi hazipunguzi mwanga kwa kuufifisha, huuwasha na kuuzima haraka haraka, na kwa miaka mingi kasi iliyozoeleka imekuwa takriban mara 240 kwa sekunde. Baadhi ya simu za karibuni zimepanda hadi 1,920 na zaidi. Watu wengi hawahisi chochote, wachache huumwa. Dawa rahisi ni kuwasha taa chumbani na kupandisha mwangaza wa simu.

Kinukta sasa. Kwanza hakikisha si vumbi chini ya protekta. Tazama kinukta moja kwa moja, kisha inamisha simu: vumbi liko juu ya kioo, kwa hiyo litaonekana linasogea kidogo dhidi ya herufi zilizo chini yake. Kisiposogea, fungua picha nyeusi tupu, kisha nyeupe, nyekundu, kijani na bluu. Kama simu ni Samsung, kwa nyingi ukipiga *#0*# kwenye sehemu ya kupigia inafunguka menyu ya majaribio yenye rangi nyekundu, kijani na bluu, umerahisishiwa. Kinukta kinachowaka hata kwenye nyeusi ni pikseli iliyokwama ikiwa wazi. Kinachoonekana cheusi kwenye nyeupe ni pikseli iliyokufa.

Hapa watu hushangaa: pikseli moja mbovu si lazima ikupe haki ya kubadilishiwa. Kiwango cha zamani cha vioo bapa vya kompyuta, ISO 13406-2 cha mwaka 2001, kwenye daraja la II kiliruhusu, kwa kila pikseli milioni moja, ziwepo mbili zinazowaka muda wote, mbili zilizokufa, na tano zenye hitilafu ya rangi moja moja. Kilikuja kubadilishwa na mfululizo wa ISO 9241, lakini fikra ile imebaki kwa watengenezaji, kila mmoja na idadi yake anayoivumilia. Kwa hiyo usikitangulize kinukta. Kitaje baada ya doa, kama nyongeza. Na tafadhali usikikandamize kwa kidole gumba wala usiache usiku kucha zile video zinazomwekamweka rangi eti zinafufua pikseli. Kwenye LCD mara chache husaidia pikseli iliyokwama. Kwenye AMOLED unachofanya ni kuzeesha pikseli zinazozunguka, na bluu ndiyo inayochakaa mapema kuliko zote.

Kuna tatizo la ushahidi, na hili ndilo linalowakwamisha wengi. Ukipiga doa picha kwa simu ya dada yako gizani, kamera itavuta mwanga kupita kiasi. Ukijani utakuwa nyasi, doa litakuwa kama damu, na pengine patatokea mistari myeusi inayopita, ambayo ni ule mwako wa kuwaka na kuzima niliousema. Muuzaji mzoefu akiona picha hiyo ataitupa, na atakuwa sahihi. Ukipiga, gusa kioo kwenye picha ya kamera, shusha mwanga mpaka kijivu kionekane kama unavyokiona kwa macho, ndipo upige. Lakini usitegemee picha. Mwonyeshe kwa macho yake.

Naye hataliona dukani. Maduka yetu ya simu yana taa kama uwanja wa mpira, na ukitoka nje unakutana na jua la ziwani ambalo linameza kila kitu. Nenda na ile picha ya kijivu ikiwa tayari kwenye simu, omba mwingie stoo, taa izimwe. Akikataa, funika simu kwa khanga, mwite aingize kichwa. Usione aibu. Na usiende Jumamosi mchana duka likiwa limefurika. Nenda asubuhi, mwenye duka mwenyewe akiwepo.

Chukua boksi, chaja, na risiti ya EFD. Soma leo, si kesho, muda wa kubadilishiwa ulioandikwa kwenye risiti au kadi ya dhamana, maana huwa mfupi na unaanza kuhesabiwa siku uliyolipa. Kama risiti yenu ina yale maneno ya "mali ikiuzwa hairudishwi", usikate tamaa kabla ya kuongea. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inadai bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora wa kuuzika. Lakini sheria hiyo hiyo inasema ukiikagua bidhaa mwenyewe, huwezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ndiyo maana ni muhimu useme kwa utulivu kwamba kasoro hii haionekani kwenye mwanga wa dukani, hivyo usingeweza kuiona ulipokagua. Mambo yakishindikana, ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Kwa uzoefu wangu, mteja anayelitaja jina hilo kwa sauti ya chini husikilizwa zaidi kuliko anayepiga kelele.

Kuna ofa moja utakayopewa ambayo naomba uikatae: "Tuachie, fundi wetu akubadilishie kioo." Simu mpya haifunguliwi siku ya nne. Ikishafunguliwa, gundi ya kiwandani inayozuia maji na vumbi imevunjwa, na kwako unayeshika simu kwa mikono iliyotoka kwenye dagaa hilo si dogo. Halafu hujui kioo kitakachorudi ni kipi. Sokoni kuna vioo vya kuiga vya LCD vinavyofungwa kwenye simu zilizotoka kiwandani na OLED. Wanaonunua simu used za Dubai wanayajua haya, au wangepaswa kuyajua: fungua picha nyeusi tupu gizani, na kama simu inayodaiwa kuwa ya OLED inang'aa kijivu, kioo si chake. Kwa iPhone 11 na kuendelea, ingia Mipangilio, Jumla, Kuhusu. Kioo kisichotambuliwa na Apple huandikwa hapo. Omba simu nyingine nzima, au kituo cha huduma cha kampuni yenyewe. Fundi wa pembeni hapana.

Wasikupe pia ile iliyokuwa kwenye kabati la maonyesho. Imewaka kutwa kwa mwangaza wa juu ikiwa na picha ile ile, na AMOLED hukariri. Baada ya muda unaona kivuli cha alama za juu na vitufe vya chini hata ukifungua kitu kingine.

Wakikuletea ya pili, ifunguliwe mbele yako. Piga *#06#, linganisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ile iliyo kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 uone TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaitambuaje. Ingia tena stoo na picha ya kijivu. Usitafute kioo kisicho na dosari hata moja, utazunguka maduka yote ya Mwanza mpaka jioni. Ukiona ukijani kidogo ulioenea sawa, ichukue. Ukiona doa lenye mpaka, mstari uliosimama, au nusu moja tofauti na nyingine, iache hapo hapo kabla hawajakuandikia risiti. Protekta usibandike siku hiyo. Kalale nayo usiku mmoja, uende nayo Mwaloni alfajiri moja, ndipo ubandike.